Kutoga Kidevu

Kilifika Ijumaa kwa basi la mizigo kutoka Mombasa,
kimefungwa magunia kama mgonjwa,
kipana, cheusi, chembamba ukingoni,
na karatasi ya maelezo yenye michoro tu:
mkono usio na mtu, mshale, skrubu sita.
Mafundi wa Barani hukiita kidevu.
Mimi nilikilipia nusu ya mshahara wa zamu za usiku
na sikuwa tayari kwa jina la mzaha.

Mama alikigonga kwa ukucha.
"Kinafanya nini?"
Nikamwambia: gari likienda kasi, upepo huingia chini,
hulinyanyua pua; hiki huukata upepo,
hulibana gari barabarani.
"Kasi gani?"
Mia na ishirini, nikasema, kwenda juu.
Akatazama lango letu la Muyeye,
njia ya mchanga na matuta yake,
akarudi kupeta mchele.
"Uzuri wa mkakasi," alisema. Hakumalizia.

Jumamosi nikaliinua kwa jeki,
si juu ya tofali la matumbawe, hilo hupasuka bila hodi,
bali juu ya magogo mawili ya Shee, seremala wa milango,
aliyeniazima na drili: "Irudi kabla ya Adhuhuri."
Nikalala chali.
Huko chini ndiko gari husema kweli:
matope ya Gongoni ya mwaka juzi, unyoya wa kuku,
skrubu nne zilizofunga ndoa na kutu.
Chumvi ya hewa hii hula mabati, hula bawaba, hula na subira.
Mbili zilikubali mafuta ya taa.
Mbili zilikatika shingo.

Kisha nikafika penye kuogopesha:
bampa zima, halina mkwaruzo,
na mimi nimeshika ncha inayozunguka.
Nilipima. Kushoto kukazidi upana wa kidole.
Nikapima kwa uzi. Kulia kukazidi.

Ndipo nilipoona visigino vya mama,
vina hina bado, ya harusi ya Mbeyu.
Huyu ndiye aliyetoga nusu ya wasichana wa mtaa
kwa sindano, uzi mweusi
na kipande cha ndimu nyuma ya ndewe.
Akachutama, magoti yakalia,
akatoa kijiti cha wanja.
"Wewe unatazama kidevu. Tazama uso."
Akarudi nyuma hadi kwenye karo, akafumba jicho moja,
akaja, akatia nukta. Akaenda tena. Nukta.
Sita,
na mkono wake, ambao siku hizi humwaga chai,
haukutetemeka.
"Haya, toga. Ukisita ndipo unapoumiza."

Tundu la kwanza lilitoa nyuzi za plastiki zilizojikunja,
harufu ya sufuria iliyosahauliwa jikoni.
La pili. La tatu, na drili ikafa mkononi.
Tokeni.
Mama akasoma tarakimu ishirini kutoka simuni,
nami nikibonyeza, nikimfuatiza
kama mtoto wa chuo na alifu zake.
Zikakataa. Akarudia, polepole, kwa hasira.

Drili ilirudi Alasiri. Shee hajasema kitu, bado.

Kimekaa. Sitasema kimenyooka.
Ukisimama kwa Bi Mwanaesha, kimenyooka;
ukisimama upande wa tangi, kinacheka kidogo.

Jioni nilikuwa nampeleka Ngala kwa dada yake.
Tuta la kwanza, hatua thelathini kutoka langoni,
na kabla sijakanyaga breki alishashika kitasa.
"Simama. Nipunguze uzito."
Akavuka tuta kwa miguu,
akainama kuchungulia kati ya mchanga na cheusi chetu,
akaninyooshea vidole viwili. Njoo. Njoo. Kata kulia.
Likapita likikwaruza,
kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema jambo.
Akapanda. Akafunga mkanda.
Yalibaki matuta kumi na moja.
"Mia na ishirini," akasema,
akitazama mbele.